Upanga wa Babu na Shaba ya Karakana

Baba yangu alikuwa mhunzi, na mimi nilikuwa binti yake mwenye mdomo. Dada zangu wawili walipoolewa, kila mmoja aliondoka na jembe ambalo baba alimfulia kwa mkono wake, nami nikawa nasubiri langu. Tuliishi njia ya kwenda Sikonge, enzi za Mwingereza. Kazi ya uhunzi ilikwisha kulegea, ila nani angethubutu kulisema hilo mbele ya baba?

Mchumba wangu alifanya kazi karakana ya reli Tabora, akiyeyusha shaba na bati pamoja na kumimina beringi za magurudumu ya mabehewa. Alipokuja kujitambulisha nilimwonya aseme machache. Wapi! Chai haijapoa, akaanza kusimulia aliyoyasikia kwa msimamizi wake, Kalasinga mmoja: kwamba watu wa kale walipigana kwa panga za shaba iliyotiwa bati, na panga za kwanza za chuma hazikuwa bora kuliko hizo. Chuma cha tanuri la udongo ni laini, alisema, kinapinda. Kilichokuja kuishinda shaba ni chuma cha pua.

Aliyasema hayo chini ya upanga wa babu yake baba, uliotundikwa ukutani. Ulifuliwa kwa chuma cha tanuri la udongo na ulisindikiza misafara ya pembe za ndovu hadi pwani. Nilitamani ardhi inimeze.

"Kijana," baba alisema, "katengeneze huo upanga wako wa shaba, uulete hapa. Ukiupasua huu, binti yangu utamchukua. Usipoupasua, njia ya hapa uisahau."

Alirudi baada ya majuma matatu, upanga umefungwa kwa gunia nyuma ya baiskeli. Nilimkimbilia njiani. Alinionyesha makali, ameyagonga bila moto mpaka yakakakamaa.

"Ukishindwa, nakukosa," nikamwambia. "Ukimshinda baba mbele ya majirani, hatanisamehe."

"Sasa nifanyeje?"

Nikamkasirikia tu.

Majirani walijaa uani. Baba alipiga kwanza, na shaba ikapata pengo kama punje ya mahindi. Mchumba wangu akapiga, upanga wa babu ukapinda. Baba akaunyoosha kwa goti. Wakapokezana hivyo mara tatu. Shaba ilizidi mapengo, chuma kilizidi kupinda, na mara ya tatu kiliponyooshwa nikaona ufa mwembamba katikati. Baba naye aliuona.

"Haujapasuka," akasema. "Chukua baiskeli yako."

Mchumba wangu akaanza kukusanya gunia lake! Damu ilinichemka. Pale kwenye kuni palikuwa na panga ambalo mama alilinunua dukani Gongoni, mjini Tabora, panga la chuma cha pua lililotoka Ulaya kwa meli, la kukatia matawi. Nikalichukua. Niliupiga upanga wa shaba kwanza, watu wasiseme napendelea, na panga likazama humo kiasi cha upana wa kidole. Kisha, kabla baba hajainua mkono, nikaupiga wa babu kwenye ufa.

Ulikatika vipande viwili.

Hakuna aliyecheka. Baba alilichukua panga mkononi mwangu, akapitisha kidole gumba kwenye makali, taratibu, akitafuta pengo. Hakulipata. Alilitazama muda mrefu kuliko alivyoutazama upanga uliovunjika, na hapo nikaelewa nilichomfanyia, nikatamani anipige. Hakunipiga. Alimwambia mchumba wangu aje na wazee wake, akaingia ndani.

Siku ya harusi alinikabidhi jembe limefungwa kwa kanga ya mama. Nilifurahi kuliko nilivyofurahia pete. Nilijua bado mimi ni mwanawe. Tulipokuwa njiani kwenda Tabora nikalifungua, nione alama ya nyundo yake.

Lilikuwa jembe la dukani. Karatasi ya kiwanda ilikuwa bado imebandikwa, imenyooka vizuri, na baba alikuwa amelipaka mafuta lisishike kutu. Mume wangu aliniuliza ninalilia nini. Nikamwambia ni vumbi.