Vyungu Pacha vya Mafuta ya Gari

Nimefinyanga vyungu maisha yangu yote, na katika vyote hivyo nimevunja kimoja tu kwa makusudi. Kilikuwa kizuri kuliko vingine. Sisemi hivyo kwa sababu kimevunjika. Nilikisifu hata kilipokuwa kizima, kwa kila aliyepita, na ndiyo maana watu wa Njisi walikuwa wakibadili njia wakiniona.

Kwetu ni Ikombe, kwa Wakisi, ambako mtoto wa kike huzoea udongo kabla hajajua kusonga ugali. Niliolewa Njisi kwa Wanyakyusa, watu wa ng'ombe na migomba, nikakuta sheria ambayo kwetu haikukaza kiasi hicho: mke wa mwana haonani na baba mkwe. Simtazami usoni, simsemeshi, simtaji jina. Akitokea njiani nampa mgongo au nazama migombani. Miezi ya kwanza nilizama migombani mara nyingi hadi siafu wakanizoea. Baba mkwe nilimjua kwa kikohozi chake na kwa miguu yake, kwa kuwa macho yangu yalikuwa chini siku zote. Ilikuwa miguu mipana, na kidole gumba cha kushoto hakikuwa na ukucha.

Baba mkwe alimtumikia Mdachi mmoja mwenye gari la mbio. Mdachi alijisifu kwamba kwao Ulaya gari hilo lilishindana na magari mengine likayaacha nyuma. Kwetu lilishindana na ng'ombe, na wakati wa matope ng'ombe walishinda. Kazi ya baba mkwe ilikuwa kulisafisha, kuizungusha injini kwa mpini wake wa chuma asubuhi mpaka gari liwake, na kulitia mafuta. Vita vilipoingia, Waingereza wakawa ng'ambo tu ya mto Songwe, Mdachi akalificha gari kwenye banda ndani ya migomba yetu. Makopo ya mafuta kutoka Ulaya yakakoma. Gari likaanza kukoroma, kisha kulia kwa sauti ya chuma kwa chuma.

Mdachi alisema neno moja tu: gari likifa kwenye mlima wa kwenda Boma, mtunzaji wake ataingia kwenye msafara wa wapagazi. Shemeji yangu mkubwa alikwisha kuchukuliwa na msafara huo, na hatukuwa na habari zake, za uzima wala za mauti. Mama mkwe aliposikia maneno ya Mdachi aliacha kula.

Baba mkwe akanusa kopo tupu, akasema linanuka nyonyo, mafuta ya mbarika. Basi! Kukamua nyonyo ilikuwa kazi yangu, na mimi sikuwa mtu wa kuitwa mara mbili nionyeshe ujuzi. Nilitandaza vigae, nikamimina kwenye kila kimoja mafuta ya aina yake, samli, mafuta ya ng'ombe, mawese na nyonyo, nikaviacha kwenye umande. Asubuhi samli ilikuwa imeganda, mafuta ya ng'ombe yamekuwa meupe na magumu, mawese yamekuwa uji. Nyonyo peke yake iliteleza vilevile. Nikatembea kuzunguka vigae vyangu nikiwa nimeshika kiuno, kana kwamba ni mimi niliyelitengeneza gari.

Tulikubaliana kupitia kwa wifi yangu, dada wa mume wangu, aliyesimama mlangoni. Mimi nilikuwa ndani, baba mkwe nje, ukuta mmoja wa mianzi kati yetu.

"Wifi, mwambie baba, injini inywe nyonyo tupu."

"Baba, injini inywe nyonyo tupu."

"Nimesikia," akasema baba mkwe, ambaye alisikia tangu mwanzo. "Muulize, na sanduku la meno?" Hilo ndilo jina aliloipa giaboksi.

"Wifi, na sanduku la meno?"

"Humo nyonyo tupu inavuja yote. Nitaichemsha na mafuta ya ng'ombe iwe nzito, ing'ang'anie meno. Lakini mchanganyiko huo usiguse injini kabisa. Ukiganda ndani ya vile vijibomba vyembamba, gari limekufa."

"Ndaga fijo," akasema baba mkwe. Alimshukuru nani, wifi au ukuta, hakusema.

Sasa nifike kwenye upumbavu wangu. Kwa mafuta hayo nilifinyanga vyungu viwili, na nikavifanya pacha. Tumbo kwa tumbo, mdomo kwa mdomo, hata moshi wa kuchomea uliviachia doa mahali pamoja. Wifi akasema tufunge uzi kwenye kimoja ili visichanganyike. Nikamjia juu. Nifunge uzi kwenye kazi kama ile, watu wadhani nimeficha ufa? Tukakubaliana kwamba kitakachowekwa upande wa banda ndicho cha injini, na wifi akampelekea baba habari hiyo.

Asubuhi ya safari niliepua mafuta yakiwa ya moto, yote mawili maangavu, rangi moja. Nikafunga midomo ya vyungu kwa majani ya mgomba, nikavibeba kwa kamba: cha injini mkono wa kulia, kwa sababu banda lilikuwa kulia kwangu. Nilikaribia gari, lililokwisha kutolewa nje ya banda, kwa maringo. Mara nikasikia kikohozi. Nikageuka kumpa mgongo kama mkwe mwenye adabu, nikamalizia njia kinyumenyume, nikatua vyungu, kimoja huku kimoja huku, nikatimua mbio migombani.

Nilipokwisha kuchuchumaa ndipo akili ilipowasili. Nilipogeuka, mikono nayo iligeuka. Mchanganyiko wa mafuta ya ng'ombe ulikuwa upande wa banda.

Wifi alikuwa mtoni. Miguu ya baba mkwe ilisogea, mikono ikafungua jani la chungu cha upande wa banda, kisha miguu ikaenda kufunua injini. Nilimwona tayari na mzigo kichwani, akitokomea alikotokomea mwanawe. Na kumwita siwezi.

Nikaokota jiwe. Kutupa mawe sijui. La kwanza liligonga bati la gari.

"Nyani hawa!" akafoka baba mkwe.

La pili lilipasua chungu changu katikati. Ningependa kusema ni shabaha yangu, si bahati.

Mafuta yalitambaa kwenye udongo wenye umande, na pembeni yakaanza kuwa meupe. Miguu ilirudi, ikasimama. Baba mkwe akachuchumaa, akayagusa kwa kidole. Kisha akakohoa, akaligeukia gari.

"Wewe gari," akasema kwa utulivu, kama anayezungumza na rika lake, "mwambie aliye migombani kwamba nimeelewa."

Aliweza kuzungumza na gari! Mbele yangu alikuwepo kuku akichakura. Ningemwambia kuku kila kitu kwa sauti kubwa, baba mkwe angesikia, adabu isingevunjika, wala chungu. Wazo hilo halikunigusa hata kidogo.

Alizoa kwa jani mafuta yaliyoganda juu, yasiyo na mchanga, akalisha sanduku la meno. Nyonyo akaimimina kwenye injini. Viatu vya Mdachi vikaja, gari likawaka, wakaondoka kuelekea mlimani.

Siku nzima nilikanda udongo usiohitaji kukandwa. Mama mkwe alikaa kizingitini. Jua lilipokuwa linaelekea kuzama tulisikia mngurumo, mzito, usio na kilio cha chuma. Nikazama migombani. Kwanza vilishuka viatu. Kisha ukashuka mguu mpana, na kidole gumba kisicho na ukucha. Nililia, nikiwa nimeuma kanga nisisikike.

Viatu vilipoondoka, baba mkwe aliegemea gari.

"Wewe gari," akasema, "mwambie mwenye vyungu tutapanda mlima tena. Afinyange kingine. Lakini mwambie, tafadhali, kiwe kibaya."

Nilikifinyanga chungu hicho kwa moyo kuliko chochote kabla yake: mdomo umepinda, tumbo limelala upande. Mama mkwe alipokiona aliniuliza kama naumwa mikono. Nikamjibu ndiyo.