Ukishika, Umeshika

Sefania wa kule juu ya Mlalo aliponzwa na adabu zake. Siku ya kwanza Zumbe Darweshi, mkuu wa eneo lao, alipomwita barazani kwake wacheze bao, Zumbe alishika kete, akaona amekosea, akazirudisha na kuchagua shimo lingine. Sefania akatabasamu. "Rudisha tu, Zumbe, tunacheza." Laiti angeuma ulimi! Wengine walikuwa wakinuna wakifanyiwa vile, yeye hakununa, na Zumbe akampenda mpaka mapenzi yakawa kifungo. Tangu hapo kila adhuhuri tarishi anasimama mlangoni: "Unaitwa."

Na ilikuwa miaka ile ya matuta, Mwingereza wa Lushoto alipoamuru kila mteremko uchimbwe kuzuia mmomonyoko wa udongo, na Zumbe ndiye msimamizi. Watu walichimba wamekunja nyuso. Na sehemu ya Sefania je, ilichimbwa na nani? Majirani! Zumbe alikwishasema, "Huyu mwacheni, ana kazi kwangu." Kazi gani, jamani? Kusukuma kete! Mara moja Sefania alijaribu kwenda alfajiri na jembe lake. Tarishi akamfuata hadi kwenye tuta, akamnyang'anya jembe mbele ya watu. Wanawake wakacheka. Sheshe, jirani yake wa mpaka mmoja, hakucheka.

"Nenda kacheze, ndugu yangu," alisema. "Siku ya machela tutaonana."

Kauli hiyo ilimnyima Sefania usingizi. Mkewe Rahabu alikuwa mjamzito, na uzazi wa binti yao Marta nusura umuue. Safari hii mkunga alisema lazima azalie hospitali ya misheni, Mlalo. Gari halipandi kule kwao. Mgonjwa hubebwa kwa machela, wabebaji ni majirani, na majirani humbeba wa yule anayeshika nao jembe. Sefania aliogopa, aliogopa kweli. Alitaka kutoka kwa Zumbe kabla siku za Rahabu hazijatimia, lakini kumwambia "sitaki" hakuthubutu, maana Zumbe alikuwa mtu wa kukupeleka mahakamani Lushoto kwa kosa la kukohoa.

Mwishowe akapata wazo: amuudhi. Acheze kwa sheria kavu mpaka Zumbe mwenyewe amfukuze.

Adhuhuri hiyo Zumbe alishika kete, akaguna, akataka kuzirudisha.

"La, Zumbe," Sefania alisema. "Ukishika, umeshika."

Zumbe alimtazama, akalitazama bao, akazicheza kete zile zile, na zikamtia hasara kubwa. Kisha akacheka mpaka kofia ikamdondoka.

"Kumbe wewe ni mchezaji! Siku zote ulikuwa unanibembeleza kama mtoto! Kuanzia kesho njoo na asubuhi. Na sheria ni hiyo hiyo, kwangu na kwako."

Masikini Sefania! Alitafuta kufukuzwa, akapandishwa cheo.

Zamu ikawa yake. Ndiyo kwanza amezoa kete za shimo moja lililojaa, Dorkasi, mke wa Sheshe, akatokea anahema.

"Shikamoo, Zumbe. Shemeji, Rahabu ameshikwa na uchungu. Machela iko tayari, ila wanaume wanasema uje uwaombe kwa mdomo wako mwenyewe."

Sefania akainuka. Zumbe akamwonyesha kigoda.

"Kaa. Waombwe, wao ni nani?" Akamgeukia tarishi. "Mwambie Sheshe na wenzake watatu wambebe sasa hivi hadi Mlalo. Atakayekataa tutaonana Lushoto." Halafu, kwa upole kabisa, "Haya, mkeo anakwenda. Una kete mkononi, mwanangu. Ukishika, umeshika."

Angefanyaje? Aliyetoa amri angeweza kuifuta. Sefania akakaa, akaanza kusambaza kete. Katika bao, kete ya mwisho ikiangukia shimo tupu imelala, zamu imekwisha. Ikiangukia penye kete, unazizoa na kuendelea. Shimo lile alilichagua kwa ujanja wake wote, ili kete zisilale upesi. Sasa aliomba kwa Mungu zilale. Wapi! Alizoa, akazunguka, akazoa tena, jasho likimtiririka, na Zumbe anapiga makofi: "Bado zinakwenda! Mwoneni mtu huyu!"

Njia ya Mlalo inapita chini ya baraza lile. Wanaume wanne walipita na machela, Sheshe mbele, wala hawakuinua nyuso. Rahabu alikuwa amegeuzia kichwa huku huku barazani. Akamwona mumewe, mkono juu ya bao.

Kete zilipolala Sefania aliruka bila kuaga. Aliwakuta kwenye mteremko, akaingiza bega chini ya mti wa machela. Sheshe akamsukuma kwa kiwiko.

"Amri imesema watu wanne. Wewe humo."

"Sheshe, ni mke wangu!"

"Tulitaka kuombwa tu, Sefania. Ukatuletea tarishi."

Rahabu akafumbua macho, midomo imemkauka.

"Umeshinda, Baba Marta?"

"Nimeshinda," akajibu, akilia waziwazi, akawafuata nyuma mikono mitupu mpaka Mlalo.

Rahabu alijifungua salama, mtoto wa kiume. Asubuhi yake wabebaji walikwisha kurudi milimani bila kumuaga, na Sefania alikuwa ameketi kando ya kitanda, amempakata mwanawe, mlango ulipobishwa. Alikuwa tarishi.

"Unaitwa."