Siku Niliyokuwa Bibi Mahakamani

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa koti la baba yangu, maana asubuhi za Sumbawanga baridi yake haina utani. Koti lilinipwaya mpaka Hakimu Mfawidhi, yaani mkuu wa mahakama yetu, akaniuliza kama nimekuja kuajiriwa au kujificha. Nilikuwa nimeajiriwa ukarani. Kabla sijaonyeshwa meza yangu akauliza tena, "Kifipa unakijua?"

"Ndicho nilichokua nacho, mheshimiwa."

"Basi leo utatafsiri. Shahidi ni mzee, Kiswahili kinampa taabu."

Mafunzo yangu yote yalikuwa hayo. Nyinyi mnaoingia kazini leo na vyeti vya ukalimani mtacheka, lakini enzi zetu mkalimani alikuwa karani yeyote aliyesimama karibu na mlango. Ulikula kiapo kwamba utatafsiri kweli tupu, na mengine ulijifunza kwa kumtazama aliyekutangulia. Wangu alikuwa karani mkuu, mtu mwenye sauti nzuri ya kanisani. Shahidi angesimulia tangu kupandwa kwa mahindi mpaka ng'ombe walivyovunja uzio. Karani mkuu angesikiliza kwa adabu zote, kisha angegeuka na kusema, "Anasema ng'ombe waliingia, mheshimiwa." Kesi ikaendelea, na hakuna aliyeona ajabu.

Nilifanya kazi chini ya mahakimu wengi, wapole na wakali, mpaka mvi zikaniota. Ndipo akaletwa Hakimu Mkazi mmoja, mama mwembamba mwenye kicheko cha ghafla, aliyepangiwa pia Mahakama ya Watoto. Hiyo si mahakama kama mnavyoijua. Kesi husikilizwa faragha, hakimu havai joho, na afisa ustawi wa jamii hukaa karibu na mtoto. Huyu mama aliondoa hata kizimba. Aliweka viti kwa duara ili mtoto asiogope.

Wiki hiyo hiyo akaniita. "Mzee wangu, nimekupangia mafunzo ya ukalimani."

"Mheshimiwa, na mvi zote hizi?"

"Mvi hazitafsiri."

Nilienda nimenuna. Mkufunzi wetu alikuwa mama wa makamo, na somo la kwanza tu lilinikera. Alisema mkalimani hasemi "anasema kwamba". Anasema "mimi", kama shahidi mwenyewe. Shahidi akisema nina mimba, nawe useme nina mimba, hata kama una ndevu. Darasa zima likaangua kicheko, wakanitazama mimi, kwa kuwa ni mimi niliyekuwa nazo. Na ikitokea unataka kujisemea wewe? Hapo unajiita "mkalimani", unaomba ruhusa ya hakimu, unasema lililo lako na kunyamaza.

"Na lililo langu ni lipi?" nikamuuliza.

"Hukuwekwa pale kutetea mtu, baba, wala kumshauri. Lakini ukiona mila imekaa katikati ya watu na mahakama haiioni, inua mkono."

Nilirudi nyumbani nikimweleza mke wangu kwamba nimelipiwa nauli kwenda kufundishwa kuinua mkono.

Haukupita muda, ikaja kesi ya Mariamu. Alikuwa binti wa darasa la tatu, mama yake amefariki, analelewa na bibi yake mzaa mama huko kijijini Kaengesa. Baba yake alikuwa anauza dagaa kule ziwani, na sasa alikuwa anamtaka mtoto wake aende kukaa naye. Bibi alikuwa amepinga tangu kwa afisa mtendaji wa kijiji. Siku hiyo hakimu alitakiwa kuamua mtoto aishi na nani.

Tukaingia, tukakaa kwenye lile duara zuri. Mariamu katikati ya bibi na afisa ustawi, na baba amewekwa mbele kabisa ya bibi, magoti kwa magoti. Hakimu akamwomba bibi aeleze. Nikatafsiri kwa Kifipa, maana Kiswahili cha bibi kilikuwa cha kuokoteza. Bibi akavuta kitenge, akajifunika uso, akanyamaza.

Hakimu akangoja. Akauliza tena, kwa upole zaidi. Bibi akazidi kujifunika.

"Mwambie," hakimu akasema, "asiposema, nitalazimika kuchukulia kwamba hana pingamizi, na mtoto ataondoka na baba yake."

Nikatafsiri, neno kwa neno. Mariamu akashika pindo la kitenge cha bibi yake kwa mikono miwili. Hakimu akachukua kalamu.

Mimi nilijua. Mfipa yeyote wa rika langu angejua. Lakini ulimi wangu ulikuwa umefungwa na kiapo, maana bibi hakuwa amesema neno la kutafsiriwa. Ndipo nikamkumbuka yule mkufunzi, nikainua mkono kama mtoto wa shule.

"Mheshimiwa, mkalimani anaomba kueleza jambo la mila."

Kalamu ikasimama. "Eleza, kwa ufupi."

"Huyu baba ni mkwe wake. Kwetu, mama mkwe na mkwe hawakai wakitazamana, wala hawajibizani ana kwa ana. Hapa alipokalishwa, kusema ni aibu kubwa kwake. Mkalimani amemaliza."

Hakimu akamgeukia baba. "Ni kweli?"

"Kweli kabisa, mheshimiwa," akajibu, akiwa ameinama vilevile. "Tangu tumekaa naangalia viatu vyangu. Shingo imekufa ganzi."

Hakimu akacheka kile kicheko chake, akaweka kalamu chini. "Maskini, kumbe ni viti vyangu! Tufanyeje, mzee?"

"Mkalimani hashauri, mheshimiwa."

"Haya, muulize mama mwenyewe."

Nikamuuliza. Bibi akapiga makofi mawili ya taratibu, kwa heshima, akainuka, akageuza kiti chake mwenyewe kikaelekea ukutani. Akakaa, akafunua uso, akaanza kusema na ule ukuta. Nami nikasimama pembeni yake, nikiwaelekea wote, na ndevu zangu.

"Mimi ni bibi yake Mariamu," nikasema. "Nilimpokea kwa mikono hii siku aliyozaliwa."

Mariamu akanitazama tangu viatuni mpaka kidevuni, akacheka mpaka akaziba mdomo. Hakimu akajifanya anakohoa. Mimi nikaendelea.

"Sina ugomvi na mkwe wangu. Binti yangu alipougua, alimuuguza kama mama anavyouguza mtoto. Sijawahi kumwambia asante, kwa sababu sikuwa na mdomo wa kumwambia. Naomba Mariamu asome hapa mpaka amalize darasa la saba. Likizo aende kwa baba yake, ale samaki, amjue. Nikimnyima baba yake nitakuwa nimemwibia."

Yule baba akalia waziwazi. Akasema nami, macho yake yakiwa chini, "Mwambie mama nimekubali. Mwambie anayepaswa kushukuru ni mimi." Najua bibi alikuwa ameshasikia. Hata hivyo nilimtafsiria yote. Hakimu akaamua vile vile walivyokubaliana, na tangu siku ile kila familia ilipoingia, aliuliza kwanza nani asikae mbele ya nani.

Nilihudhuria kila mafunzo yaliyofuata bila kununa, na mwishoni nikawa nawafundisha wageni kazini. Sasa nimestaafu. Nalima ulezi kidogo, nasumbuliwa na magoti, na sina kinyongo na mtu isipokuwa panya. Wakalimani vijana hunijia kuniuliza siri ya kazi. Nawaambia nendeni mafunzoni, na mkiitwa tena nendeni tena, hata kama mnadhani mnajua.

Juzi nilikuwa sokoni Sumbawanga nachagua maharage. Msichana mrefu, mwenye sare ya chuo cha uuguzi, akajitenga na wenzake, akapiga goti mbele yangu.

"Shikamoo, bibi!"

Wenzake wakabaki midomo wazi. Mmoja akamvuta mkono. "We Mariamu, macho yako vipi? Huyo si babu?"

"Niacheni," akasema, akicheka vilevile kama siku ile. "Namjua bibi yangu."

Nikashika ndevu zangu, nyeupe zote sasa, nikamjibu, "Marahaba, mjukuu wangu. Baba hajambo?"