Kadi Iliyosafiri na Dagaa

Laptopu ninayohariria video za harusi ilikuwa imezeeka. Bibi harusi akicheza, picha ilikwama mguu wake ukiwa bado hewani. Jirani yangu hapa mtaa wa Atlabara, Juba, fundi wa simu, aliitazama mara moja tu akasema, "Dada, hii imekufa. Izike."

Nilipandwa na hasira. Kadi yake ya grafiki, ile inayosukuma picha, imefungwa kwa skrubu, haikuchomelewa; inatoka! Nikamwomba dada yangu aliye Kampala anitafutie yenye nguvu zaidi. Aliipata, akaifunga kwa nailoni, na kwa kuogopa wezi wa njiani akaifukia ndani ya gunia la dagaa, akalipakia kwenye basi la Juba.

Kadi ilipofika niliipiga brashi kavu, lakini harufu ilikataa katakata kutoka. Nikaifunga hivyo hivyo, nikawasha jenereta. Bibi harusi akacheza bila kukwama hata kidogo, nami nikacheza naye, huku feni ya laptopu ikipuliza dagaa chumba kizima.

Fundi akachungulia mlangoni. "Nani anakaanga dagaa?"

"Ni yule maiti wako," nikamjibu. "Ingia umwone anavyocheza."