Bei Niliyotaja Kabla ya Kuona Shamba

Mimi nina mdomo mwepesi, na mdomo huo ndio ulinitia mashakani kule Rongai. Shosho mmoja, bibi kizee wa huko, alinipigia simu akiuliza nalima ekari moja kwa pesa ngapi. Nilikuwa nimenunua trekta kuukuu mwezi huo na nina njaa ya kazi, basi nikamtajia bei ya shamba safi, lile linalolimwa kila mwaka. "Limekaa kidogo," akasema. "Ni nyasi nyasi tu."

Nyasi nyasi! Nilifika nikakuta kichaka kirefu kuliko trekta. Ekari mbili nzima, na ndani yake visiki na waya wa ua wa zamani. Nikashuka nimefura. "Shosho, huku si kulima, huku ni kufungua msitu! Bei yake ni mara mbili. Sahani za plau zikipasuka hapa, mimi nitakula nini?"

"Bei ulisema wewe," akanijibu, ametulia tuli. "Mimi sikukushika mdomo."

Nilitaka kugeuza trekta nirudi zangu nyumbani Bondeni. Ndipo akaniambia kwamba mwanawe anayekaa Kiamunyi angekuja Jumamosi na mnunuzi. Alikuwa amemwambia mama yake kwamba hapo hakuna shamba tena, ni pori tu, bora liuzwe, mama ahamie mjini. Shosho alitaka Jumamosi hiyo wakute mahindi yanapandwa. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Haki ya nani, nilishindwa kuondoka. Tukapatana hivi: bei ibaki ileile, lakini yeye atafute watu wa kufyeka na kutoa waya. Kesho yake asubuhi nikakuta akina mama kumi wa chama chake wana mapanga, wanafyeka huku wakinicheka. Shosho alinitangulia akinionyesha kila kisiki kilipo, maana miti hiyo aliikata mwenyewe. Nililima polepole nikiulaani mdomo wangu. Sahani moja tu ndiyo iliyopinda. Jioni udongo ulikuwa umelala mweusi na laini, nikajikuta nacheka peke yangu kwa furaha.

Jumamosi nilikuwa navunja mabonge kwa haro walipofika. Mnunuzi alichota udongo, akausugua kiganjani, akaongeza bei papo hapo. Nimeharibu, nikajiambia, nimemlimia mama wa watu shamba ili liuzike vizuri!

"Mama, umesikia hiyo bei?" mwanawe akauliza, meno yote nje.

"Nimesikia. Wewe uliniambia hapa hakuna shamba. Sasa umeliona?" Shosho hakungoja jibu. Alimsukumia ndoo ya mbegu. "Anzia pale kwa ua. Kila shimo mbegu mbili."

Mwanawe aliangalia viatu vyake vya ngozi, akamwangalia mnunuzi, halafu akamwangalia mama yake kwa muda mrefu. Akavua viatu.