Unyoya wa Kuku

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo pale hospitali ya Kasulu haanzi kazi kabla hajaupangusa unyoya wake wa kuku mara mbili kwenye goti lake. Kisha husema taratibu, kama anayeomba radhi, "Fumba macho, mama." Ernesta, mkulima wa Makere aliyejikata mshipa wa fahamu wa mkono kwa panga, hufumba, na unyoya hupitishwa kidoleni kupima hisia. Miezi mitano sasa kidole gumba chake hakijui moto wala maji. Kila akiuliza mbona kinachelewa, hupata jibu lilelile: "Protini za kinga zinasafisha kwanza mabaki ya mshipa uliokufa, ndipo mwingine uote. Wewe unapanda maharage kabla hujang'oa mabua?" Halafu humchorea kialama cha kalamu pale hisia zilipofika, kila wiki mbele kidogo.

Leo, kwenye ncha ya kidole, kitu kilitambaa.

"Kama sisimizi," alisema Ernesta, akafumbua macho bila kuruhusiwa. Mtaalamu alikuwa ameinama, unyoya ungali kidoleni, naye amefumba macho yake kwa nguvu, kama mtoto anayesubiri sindano.

"Rudia, mama," alisema bila kuyafumbua. "Umesema nini?"