Laini ya Marehemu

Mume wangu alipokufa sikulia. Watu wa Bwera walilisema sana hilo, nikawaacha waseme. Nilibaki na duka letu la chumvi ya ziwa Katwe, sokoni karibu na mpaka wa Kongo, na laini yake ya simu. Mtoto wetu alikuwa Kongo, upande wa Butembo, alikokwenda kununua kakao, vita vikafunga barabara. Simu yake iliibwa. Kila alipopata ya kuazima alipiga namba ya baba yake, maana ndiyo pekee aliyoijua kwa kichwa. Hakujua kwamba baba tumeshamzika Karambi. Nilitaka asikie kwa mdomo wangu mwenyewe, kwa hiyo nililala na ile simu kifuani.

Wakati wa kupeleka hesabu za kodi ukafika. Sokoni kwetu, siku Wakongo wanapovuka, hakuna anayeiacha meza yake. Basi vitambulisho tunampelekea mtu wa kodi, anayetujazia hesabu kwa malipo, kwenye kibanda chake, kila kimoja kimefungwa kwa mpira pamoja na laini ya mwenyewe, kwa sababu ile namba ya siri ya kodi huja kwenye simu. Anavipanga ndani ya boksi. Jioni unapita, unachukua chako, unasema asante.

Nilimwambia duka liko kwa jina la marehemu. Akanipa pole. "Usijali, mama. Acha laini na kitambulisho chake, kesho utavipata." Akaahidi hata kuipunguza kodi, na wala hakuuliza nimeuza nini. Mtu mwenye akili zake angeshtuka. Mimi siku zile nilikuwa kama niliyedungwa sindano ya ganzi mwili mzima, nikamwachia vyote.

Kesho yake kibanda kilikuwa kimefungwa. Alikuwa amekula kona na boksi lake.

Baadaye niliitwa Kasese, ofisi ya kodi. Eti mume wangu amepitisha marobota ya nguo mpakani bila kulipa ushuru, naye yuko kaburini. Mama wa ofisini hakuwa mkali. Aliniuliza yule mtu wa kibandani aliandika wapi jina lake mwenyewe kwenye hesabu alizotuma. Hakuliandika popote. Akasema mtu wa kodi anayeficha jina lake ni wa kukimbiwa. Nilipaswa nikae ubavuni mwake akiandika, nisome kabla hajatuma, na laini isitoke mkononi mwangu. Na kifo nilipaswa kukiandikisha mapema, jina la marehemu lisibaki wazi kwa wezi. Niliitikia kila neno. Nikaleta cheti cha kifo, mambo ya marobota yakanyooshwa polepole, wala sikusikia nafuu yoyote.

"Na laini?" nikauliza.

Akanituma kwa watu wa simu. Nao wakataka alama ya kidole cha mwenye laini. Nikawaambia hicho kidole kiko Karambi, wakitaka wakakichimbue. Yule wa dirishani akamwita anayefuata. Nilipofika nyumbani niliazima simu ya jirani nikapiga ile namba. Iliita kidogo, ikakatwa.

Mvua zilikuwa zimeanza tena wakati mteja wangu mmoja wa Butembo alipofanikiwa kupenya na kuvuka kuja kununua chumvi. Alisimama mbali na meza akinitazama, hakunisalimu.

"Mama, kumbe uko muzima," akasema mwishowe. "Mutoto wako pia iko muzima. Nilimuonaka kwa misa."

Niliendelea kupima chumvi yake. Nikamuuliza kama mtoto alipiga simu.

"Alipigaka namba ya baba yake. Mutu mumoja akaitika, akamuambia mwenye namba alikufa, asipige tena. Mutoto akauliza, na mama? Ule mutu akakata."

"Misa ilikuwa ya nini?"

"Ya baba yake, mama. Na yako."

Nilimfungia chumvi, nikamkabidhi. Nikakaa juu ya gunia, mbele ya wateja wote, nikalia.